Shajara ya mradi: kaseti, kodi na pango la Bibi Mkuu

13 Januari 2024

Nimeanza rasmi leo. Kaunta buku moja ya kwaya tatu, kalamu mbili, na swali ambalo limenikaa rohoni tangu nilipokuwa darasa la saba: Bibi Mkuu alifariki akiwa na miaka mingapi?

Bibi Mkuu ni mama wa babu yangu mzaa baba. Mimi ni kitukuu chake. Alifariki mwaka 1994 kijijini kwetu, upande wa Kipatimu, kwenye Milima ya Matumbi wilayani Kilwa. Kaburini kwake kuna bamba la saruji lililoandikwa kwa msumari likiwa bado bichi: 1884–1994. Miaka 110. Ukoo mzima tunatembea na namba hiyo. Harusini inatajwa, msibani inatajwa, na mtoto akiugua homa kidogo anaambiwa, "Wewe damu yako ni ya miaka mia na kumi, utapona." Jina lake sitaliandika humu. Wazee wameomba libaki kwenye kitabu cha ukoo, nami nimekubali.

Namba inagoma kwa babu. Babu alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza (KAR), mwaka 1942 akiwa kijana asiye hata na ndevu, kwa hiyo alizaliwa kama 1921. Baada yake Bibi Mkuu alizaa wengine, na kitinda mimba alizaliwa mwaka 1938. Kama Bibi alizaliwa 1884, basi kitinda mimba alimzaa akiwa na miaka 54. Hesabu haikubali.

Nina vitu vitatu vya kuanzia. Kasha lake liko kwa shangazi Mbagala. Kuna kaseti moja ambayo marehemu baba alimrekodi mwaka 1988. Na kuna mambo ya nchi hii ambayo tarehe zake zinajulikana: vita, kodi, pesa zilizobadilishwa. Nitachukua kila alilosimulia na kuliweka pembeni ya jambo lenye tarehe, nione vinakaaje.

20 Januari

Mbagala kwa shangazi. Nilipomwambia ninachotafuta hakufurahi. "Kwa hiyo baba yangu umekuja kumpunguzia bibi yangu miaka?" Nikamwambia sipunguzi, natafuta. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaenda chumbani kuleta kasha.

Kasha ni dogo, la mninga, kufuli limeshakufa. Ndani kuna kanga tatu zilizopauka, kipande cha kaniki kilichokunjwa kama dawa, kopo la chai, na bahasha ya plastiki yenye makaratasi. Nimeyapiga skani yote dukani kwangu, kwenye duka langu la fotokopi, jioni hii hii, maana baadhi yanapukutika yakiguswa.

Karatasi ya kwanza iliyonisimamisha ni kadi ya zahanati ya mwaka 1971. Mahali pa mwaka wa kuzaliwa karani ameandika 1884. Shangazi anakumbuka siku ile, ndiye aliyempeleka. Karani aliuliza, "Bibi umezaliwa lini?" Bibi akajibu, "Mjerumani alipoingia." Karani akaandika. Mwaka 1884 ndio ule tuliokaririshwa shuleni, Carl Peters akizunguka Usagara na mikataba yake. Lakini Kilwa haikuingiwa na mtu mwaka 1884. Wajerumani wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walikuja Kilwa Kivinje 1888 na wawili wakauawa mwaka huo huo. Jeshi la Wajerumani chini ya Wissmann lilirudi na kuutwaa mji mwaka 1890. Milimani kwetu utawala ulifika kidogo kidogo baada ya hapo. Yaani Bibi alitaja jambo la kwao, karani akaandika jambo la kitabuni.

Miaka ishirini na tatu baadaye, aliyeandika bamba la kaburi aliifuata kadi hiyo. Hakuna aliyekosa kwa makusudi.

3 Februari

Wiki mbili nimekaa na risiti za kodi, na bado hazijaniachia.

Ziko mbili, zote za mwaka 1934, zote zina jina la mume wake wa pili, ambaye ndiye baba yake babu. Namba zimefuatana. Nilidhani mtu alilipa mara mbili kwa makosa. Shangazi akacheka kwa uchungu: "Moja ya nyumba ya mke mkubwa, moja ya nyumba ya bibi yako." Wajerumani ndio walioanzisha kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba, kuanzia mwaka 1898. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliiendeleza, wakaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili.

Kwa hiyo risiti ya pili ndiyo Bibi Mkuu. Katika makaratasi yote ya serikali ya kikoloni ambayo ukoo wetu unayo, hapo tu ndipo alipo, na yupo kama nyumba. Mwanamke aliyelima, aliyezaa, aliyezika, aliyetembea kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje na kichwani ana mzigo wa mtama, ameingia kwenye hesabu ya dola kwa sababu aliezeka paa na chini ya paa hilo paliweza kudaiwa shilingi. Hili linaniuma na sitaki kulipamba.

Nimeliandika kubwa kwenye ukurasa wa ndani wa kaunta buku: *Mradi huu ni wa kumtoa kwenye nyumba.*

10 Februari

Kopo la chai. Vifungo, pini, shanga kidogo, na sarafu moja ya shaba ya njano. Upande mmoja kuna taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Mjerumani, na chini yake T. Upande wa pili: 20 HELLER.

Nimeisoma habari yake na nimefurahi kama mtoto. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa wameziba bahari, pesa kutoka Ujerumani haziji, Wajerumani wakagonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. T ni Tabora. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Tabora, basi kazi ikaishia hapo. Na hilo neno Heller ndilo tunalolitamka kila siku bila kujua: hela. Nilipomwambia shangazi, akaishika sarafu kwenye kiganja akasema, "Sasa nimeelewa. Alikuwa akiniambia, hii ndiyo hela, hizo zenu ni pesa."

Ilifikaje mikononi mwake? Shangazi hajui. Nimeweka alama ya kuuliza pembezoni.

24 Februari

Kaseti. Hii kazi inataka subira ya kuvua samaki kwa ndoano.

Ni ya dakika 60, imeandikwa kwa mwandiko wa baba: "Bibi, Idi 1988". Niliogopa kuiweka kwenye radio yoyote. Nimempata fundi Kariakoo, mzee anayetengeneza radio-kaseti tangu enzi ya Mwalimu. Kwanza aliinusa. Kisha akaingiza kalamu ya Biki kwenye tundu na kuizungusha polepole, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kuokoa betri, akisikiliza mkanda unavyoachia. Sehemu moja ulikuwa umegandana. Akafungua kasha la kaseti, akakata kipande chenye urefu wa ukucha, akaunga kwa gundi ya karatasi nyembamba. Akasafisha hedi kwa spiriti na pamba. Ndipo akachomeka waya kwenye laptop yangu na kubonyeza.

Kwanza jogoo. Halafu sauti ya baba, kijana, hana hata kikohozi kile alichokuja kufa nacho: "Bibi shikamoo." Na sauti yake: "Marahaba baba, marahaba mume wangu, umekula?"

Nililia pale pale kwenye fremu ya fundi. Yeye akaendelea kukaza skrubu kama hakuona.

9 Machi

Upande A umekwisha kuandikwa. Dakika moja ya kaseti inanichukua dakika ishirini mezani. Bibi anachanganya Kiswahili na Kimatumbi, na anaporejea mambo ya utotoni anahama kabisa. Mimi nimezaliwa Temeke, Kimatumbi changu ni cha salamu. Upande B karibu wote ni Kimatumbi. Nitamhitaji shangazi.

Lakini upande A una dhahabu. Baba anamuuliza kama yule karani alivyouliza: "Ulizaliwa mwaka gani?" Anajibu:

"Mwaka? Sisi hatukuwa na miaka. Tulikuwa na njaa na kodi. Mama ameniambia, wewe nimekuzaa kodi ilipoanza, baba yako amekwenda kutafuta rupia nami uchungu umenishika peke yangu."

Kodi ilipoanza. Mwaka 1898, au mwaka mmoja miwili baadaye kwa jinsi wakusanyaji walivyochelewa kupanda milimani. "Mjerumani alipoingia" na "kodi ilipoanza" kwa mtu wa Matumbi ni jambo moja. Mjerumani hakuonekana kama bendera, alionekana kama rupia tatu.

Kuna la pili. Baba anamkumbusha nyota yenye mkia iliyopita 1986. Bibi anasema ile ya 1986 alisimuliwa tu, mtoto wa jicho alikuwa ameshamzibia dunia. "Lakini mimi ya kwanza niliiona. Vita vya Maji vimekwisha, tumeanza kula tena, mimi sijavunja ungo." Hiyo ni nyota-mkia ya Halley, ambayo huchukua miaka kama 76 kurudi: 1910, kisha 1986. Nilisita kidogo, kwa sababu mwaka 1901 kulikuwa na nyota nyingine kubwa yenye mkia iliyoonekana upande huu wa kusini. Ila yeye ameiweka baada ya Maji Maji, basi 1901 inatoka. Na Januari 1910 ilipita nyingine tena kabla ya Halley, ambayo hainisumbui, mwaka ni ule ule. Mwaka 1910 ni binti ambaye hajavunja ungo. Akiwa wa 1884 angekuwa na miaka 26, ana mume na watoto.

Nimeandika kwa penseli: 1898–1900.

6 Aprili

Hapa mradi umekwama, na umekwama kwenye hadithi ambayo kila mtu kwetu anaijua: pango.

Tumelelewa nayo. Wakati wa Maji Maji, Bibi Mkuu alijificha pangoni na mtoto mchanga, mtoto akataka kulia, akamziba mdomo kwa titi mpaka askari wakapita. Mjomba mmoja anaisimulia mpaka anatoa jasho. Na ndiyo hoja kubwa ya wanaoshikilia 1884: kama 1905 alikuwa ananyonyesha, alizaliwa muda mrefu kabla ya hapo.

Vita vyenyewe vilianzia kwetu. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba la lazima. Walikuwa wamechoka kulima pamba ya serikali huku mahindi yao yakiliwa na nguruwe. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini moto ulikuwa umeshashika, ukafika mpaka Ungoni. Mpaka 1907 nyumba zilichomwa, maghala yakachomwa, na njaa ikaua kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanasema kati ya 250,000 na 300,000.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee wa vita vile. Hakuna aliyefika mlangoni kwa Bibi Mkuu. Kila nikiwaza hilo nasikia ubaridi. Alikuwapo, ana akili timamu, alikuwa hapo hapo anaanika muhogo.

Sasa upande A anasimulia pango hivi: "Mama alinibeba mgongoni, mdogo wangu kifuani. Akanitia kipande cha muhogo mbichi kinywani, akaniambia ukiutema tutakufa. Niliushikilia mpaka ukalainika wenyewe." Hapa yeye ndiye mtoto. Hana titi la kumziba mtu.

Je, ukoo umechukua hadithi ya mama yake na kumvika yeye? Ndivyo ninavyodhani leo. Shangazi sijamwambia.

8 Mei

Nilikuwa nisafiri wiki hii kwenda Kipatimu. Kimbunga Hidaya kimepita tarehe 4, mvua imekata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mabasi ya Lindi na Mtwara yamesimama. Safari imesogea.

Shangazi anatazama habari kwenye simu na kusema, "Mimi ni mtoto wa kimbunga." Kweli. Babu alipotoka vitani Burma mwaka 1946 hakukaa sana kijijini, alikwenda manamba kwenye mkonge Lindi. Aprili 1952 kimbunga kikaipiga Lindi, na shangazi akazaliwa wiki hiyo, kwenye nyumba isiyo na paa. Bibi Mkuu alitembea kutoka Matumbi mpaka Lindi kumwona mjukuu, na ndiye aliyempa jina. Tarehe ya kuzaliwa ya shangazi ndiyo pekee katika kizazi chake ambayo haina shaka.

25 Mei

Shangazi amekuja dukani kusikiliza upande B. Nilimwekea kiti nyuma ya mashine ya fotokopi, nikamvisha spika za masikioni. Tulikubaliana atafsiri, mimi niandike, nisimkatize.

Dakika tisa za mwanzo ni mambo ya shamba, mume wa pili, ugomvi na mke mkubwa kuhusu kisima. Halafu baba anauliza tena habari ya pango, kwa Kimatumbi chake cha kuvunjika. Shangazi akaanza kutafsiri kawaida, kisha akapunguza kasi.

"Anasema… pango lile niliingia mara mbili."

Nimeiweka sentensi hiyo peke yake kama alivyoitamka.

Mara ya pili, anasema, tulikimbia mzinga. Siyo bunduki, mzinga, unaotikisa jiwe la pangoni mpaka vumbi linaanguka machoni. Na nje walipita askari weusi kama sisi lakini Kiswahili hawajui hata neno, wanaongea lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ilikuwa mvua za vuli.

Nilijua papo hapo. Nilikuwa nimesoma habari za mapigano ya Kibata, huko huko milimani kwetu, miezi miwili nzima bila kujua nasoma habari zake. Waingereza waliikalia boma ya Kibata mwishoni mwa 1916. Tarehe 6 Desemba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia, na mapigano yakaendelea mpaka Januari, mizinga mizito ikaburuzwa na watu kupanda vilima vile kwenye matope. Upande wa Waingereza walikuwapo Wabaluchi kutoka India, na kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo. Askari weusi wasiojua Kiswahili. Askari wa Mjerumani mwaka 1905 Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kazi.

Muhogo ni 1905. Titi ni 1916. Pango moja, miaka kumi na moja katikati. Ukoo haukusema uongo, ulikunja vita viwili kuwa kimoja.

Shangazi hakuwa ameishia hapo. Aliendelea kutafsiri na mimi nikaendelea kuandika, mkono ukinitetemeka. Mume wa kwanza, baba wa mtoto yule, alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani mwanzoni mwa 1917. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, akaleta sarafu moja, akasema hii ndiyo hela yake. Nimefuta alama ya kuuliza pembezoni mwa ukurasa wa 10 Februari. Mtoto aliokoka pangoni, akatambaa, akatembea, akaanza kusema. Akafa kwa homa ya mafua ile iliyokuja baada ya vita, iliyozunguka dunia nzima 1918 na 1919.

Baba kwenye kaseti akauliza: "Mtoto aliitwa nani?"

Bibi akataja jina. Shangazi akavua spika za masikioni, akaziweka mezani, akanitazama. Ni jina lake.

26 Mei

Sijaandika jambo la maana leo. Shangazi alilala kwetu. Usiku aliniambia kwamba maisha yake yote Bibi Mkuu hakuwahi kumwita "mjukuu wangu" kama wengine. Alimwita "mwanangu", na watoto wenzake walimwonea wivu, wakasema anapendelewa. "Nami nilijiona napendelewa," akasema. Miaka sabini na miwili hajui alikuwa anaitwa nani.

13 Julai

Kipatimu. Basi mpaka Njia Nne, halafu bodaboda. Barabara imetafunwa na mvua, nimeshuka mara nne kusukuma. Machungwa yamejaa kila kizingiti. Nilifikia kwa mdogo wake marehemu baba.

Pangoni nilipelekwa na mzee wa huko baada ya kuomba ruhusa kwa wenyewe. Mahali penyewe sipataji, pana miiko yake. Mdomo ni mwembamba, unaingia kwa kuinama, kisha ndani panafunguka pana kama ukumbi. Nilizima tochi. Ukiwa mle husikii jogoo wala pikipiki, unasikia matone tu. Nilikaa mahali ambapo sakafu imelainika, nikatoa kipande cha muhogo mbichi nilichobeba, nikakiweka kinywani, nikatazama saa. Baada ya dakika kumi na mbili taya lilikuwa linauma na mate yamejaa. Yeye alikuwa na miaka kati ya mitano na saba, na nje kulikuwa na bombomu, kama walivyoiita bunduki ya rasharasha.

Jioni nilisikiliza habari za 1974, Operesheni Vijiji, jinsi alivyohamishwa na kila alfajiri akarudi kwa miguu kwenye michungwa yake ya zamani akiwa na miaka kama sabini na mitano. Nimeyaandika kwa ufupi kwenye kaunta buku. Yanastahili mradi wao peke yao.

24 Agosti

Kikao cha ukoo, Mbagala. Tulikuwa kumi na saba, pamoja na mjomba anayetoa jasho. Niliweka mezani kadi ya zahanati, risiti mbili, sarafu, na maandishi ya kaseti. Nikasema ninachoamini: alizaliwa kati ya 1898 na 1900, akafariki 1994 akiwa na miaka tisini na tano hivi.

Kelele. Mjomba alisema nimesomea nini mpaka nimsahihishe marehemu. Kijana mmoja akasema 110 imeshaandikwa kwenye simu ya kila mtu. Niliwaelewa. Namba ile ilikuwa kinga yetu. Sikubishana, niliwasha spika na kuwasikilizisha upande B, shangazi akitafsiri kwa sauti, mara hii bila kusita. Ilipofika pango mara ya pili mjomba aliinamisha kichwa. Ilipofika jina la mtoto, watu wote walimgeukia shangazi.

Aliyesema ni mjomba: "Kwa hiyo titi ni kweli." Nikamjibu ni kweli, mjomba, na muhogo nao ni kweli. Akasema, "Basi miaka ichukueni."

Mwaka wa kuzaliwa tumekubaliana usiandikwe kama namba. Yataandikwa maneno aliyoyasema mwenyewe.

7 Desemba

Bamba jipya limemwagwa na kuandikwa leo. Mfuko mmoja wa saruji, mchanga wa mtoni, fundi wa hapa hapa. Safari hii siyo msumari, ametumia herufi za bati alizokata mwenyewe. Bamba la zamani hatukulivunja, limelazwa miguuni.

Juu jina lake kamili na la baba yake. Chini: ALIZALIWA KODI ILIPOANZA, AMEFARIKI 1994. Kisha watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa sababu shangazi alisisitiza waandikwe wote, waliokua na wasiokua. Fundi aliniuliza wa kwanza ni nani, nikamwonyesha kwenye kaunta buku.

Shangazi alisimama mbele ya saruji mbichi akasoma jina lake mwenyewe juu ya kaburi, hai, mkoba begani. Nilitaka kumshika mkono, nikasita. Akachuchumaa, akapuliza jani kavu lililoangukia kwenye herufi ya mwisho.

"Huyu ndiye mkubwa wao," akamwambia fundi. "Mwandike vizuri."

Fundi akakaza herufi moja iliyokuwa imelala upande.